Mwandishi Astaafu, Maswali Yabaki

Hotuba ya mwandishi wa habari za viwanda na teknolojia anayestaafu, aliyoitoa mbele ya wakazi jijini Nakuru.



Nashukuru kwa mwaliko. Nimeombwa nizungumze kuhusu kustaafu. Mwandishi wa mashinani hana mengi ya kusema hapo, kwa kuwa wengi wetu tulilipwa kwa kila habari iliyochapishwa, wala si kwa mwezi. Hakuna barua ya kustaafu. Siku moja unaacha tu kutuma habari. Kwa hiyo nitazungumza kuhusu kazi yenyewe, na kuhusu nani ataifanya baada yetu.

Tulipoanza, habari ya kiwanda ilisomwa kwa simu hadi Nairobi, neno kwa neno, huku mtu wa upande wa pili akiipiga taipu. Ikaja faksi, ikaja kompyuta, na leo kijana anatuma maandishi na video akiwa ndani ya matatu. Njia ya kutuma imebadilika, lakini kazi ya kuuliza ni ile ile.

Chukueni pareto. Kuna wakati Kenya ilitoa sehemu kubwa zaidi ya pareto yote duniani, na maua ya Molo na Kuresoi yaliletwa hapa Nakuru kutolewa dawa ya kuua wadudu. Ungeweza kuandika kuhusu mitambo na bei ya soko la nje, ukaishia hapo. Lakini habari ilikuwa shambani. Mkulima aliyekaa muda mrefu bila malipo aling'oa pareto akapanda viazi, au akageukia ng'ombe wa maziwa. Huko Australia nao wakaongeza zao lao katika kisiwa cha Tasmania. Kiwanda kilibaki na mitambo, maua yakapungua. Ndiyo sababu nikisikia kiwanda kipya kinajengwa, swali langu la kwanza ni hili: malighafi itatoka kwa nani, na huyo mtu atalipwa lini?

Swali la pili ni la muda. Kule Olkaria, Naivasha, mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, na kituo kikaendelea kupanuliwa kwa miongo. Hapa Menengai, uchimbaji wa visima ulianza 2011. Kituo cha kwanza cha umeme, cha megawati 35, kilianza kazi 2023. Hiyo ni miaka 12. Katikati yake kulikuwa na mikataba, mikopo, mabomba ya mvuke na nyaya za kusafirisha umeme. Mvuke unapofoka kisimani wapiga picha hufurahi, lakini mvuke bado si umeme. Mradi wowote ukizinduliwa kijijini kwenu, ulizeni ni hatua gani zimebaki na nani anazigharamia.

Swali la tatu huulizwa mlango unapofungwa. Mwaka 2014 kampuni ya Eveready ilifunga kiwanda chake cha betri hapa Nakuru, ikieleza kwamba betri za bei nafuu kutoka nje zilikuwa zimelemea soko. Habari ya kufungwa ilifika kila gazeti. Lakini baada ya mwezi mmoja, nani aliuliza fundi wa mtambo alienda wapi? Nani aliuliza kuhusu anayeuza chai karibu na lango la kiwanda, au mwenye nyumba za kupanga? Kiwanda kinapofungwa, habari ndiyo kwanza inaanza.

Tusisahau pia mambo mema. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, ilikuwa rahisi kuiandika kama habari ya kampuni ya simu. Uzito wake ulionekana kwenye stendi ya magari, ambako kwa miaka mingi pesa za matumizi za nyanyake mtu zilisafiri ndani ya bahasha mkononi mwa kondakta.

Naomba sasa niseme jambo zito. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba huko Solai lilivunja kingo zake, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha. Ukuta wa bwawa pia ni teknolojia. Hauna skrini wala hauhitaji intaneti, lakini una mhandisi, una kibali na unahitaji ukaguzi. Anayeishi chini yake ana haki ya kujua ulikaguliwa lini. Hilo si suala la wataalamu peke yao.

Na haki hiyo imeandikwa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza utaratibu. Unaandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika anaruhusiwa kueleza kwa mdomo, na afisa analiandika. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni ndani ya saa 48. Ukinyimwa, unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi huijua kama Ofisi ya Ombudsman. Maafisa wa kaunti mlio hapa, mkiletewa barua kama hizo msizione kuwa uchokozi. Anayeuliza mapema huokoa mengi.

Nayasema haya kwa sababu magazeti yamepunguza waandishi wa mashinani, na wale wa viwanda ni wachache zaidi. Vijana wana simu nzuri kuliko vifaa vyote nilivyowahi kutumia. Kwenu nasema: mkialikwa kwenye uzinduzi, nendeni. Lakini rudini baada ya mwaka, bila kualikwa, mzungumze na bawabu, fundi na mkulima. Wekeni tarehe na takwimu kwenye daftari, kwa maana ahadi husahaulika haraka.

Daftari zangu ninazo bado, katoni kadhaa. Ningependa zihifadhiwe kwenye maktaba ya umma, mwanafunzi yeyote azisome bila kuniomba ruhusa. Ataona kile kilichoahidiwa katika kaunti hii, kisha atoke nje aone kilichopo.

Mimi napumzika. Kuuliza ni haki ya kila mmoja wenu, na haki hiyo haistaafu.