Silaha Mkononi na Chuki Moyoni

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeiharimisha dhulma baina ya waja wake. Tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake, na Sahaba zake, na kila aliyefuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani na madrasani, tunaziusia nafsi zetu na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Tulipokuwa kisiwani Rukuba, katika maji ya Ziwa Viktoria upande wa Musoma, alitujia mvuvi mmoja baada ya sala ya Alasiri. Alitueleza kwamba usiku wa giza, akivua dagaa, watu wenye bunduki waliufikia mtumbwi wake, wakachukua injini na nyavu, wakamwacha akielea hata alfajiri. Kisha akauliza: "Shekhe, je, ni halali nami nitafute bunduki ya magendo? Na hao wasemao silaha zipigwe marufuku, mimi watanilinda kwa kitu gani?"

Swali hili si la mtu mmoja. Wako wasemao kwamba silaha zikiondolewa uhalifu utakwisha. Wako wasemao kwamba silaha haina kosa, kosa ni la moyo, basi marufuku ni kazi bure. Hebu tuyapime maneno haya kwa mizani ya dini na kwa yaliyotokea katika nchi zetu.

Mwenyezi Mungu ametusimulia katika Suratul Maida habari za wana wawili wa Adam. Siku ile duniani hapakuwa na bunduki wala kiwanda cha risasi, lakini damu ilimwagika, kwa kuwa husuda ilikuwako. Hapa ana hoja yule anayeutazama moyo.

Lakini Mtume wetu hakuishia kwenye moyo tu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba alimwamuru mwenye kupita na mishale msikitini au sokoni aishike kwenye ncha zake, asije akamdhuru Mwislamu. Na imepokewa na Muslim kwamba amwelekezeaye nduguye kipande cha chuma hulaaniwa na Malaika, hata akiwa ni ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja. Tazameni hekima hii! Wale walikuwa Sahaba, watu wenye nyoyo safi kuliko zetu, na juu ya hayo waliamriwa kuzishika ncha. Basi kuidhibiti silaha ni sunna, wala si dalili ya udhaifu wa imani.

Na mkoa wetu wa Mara una ushahidi wake. Majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera mwezi wa Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Vita vilipokwisha, si bunduki zote zilizorudi ghalani. Baadhi ziliingia mikononi mwa raia, na huku Tarime wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulifanywa kwa upinde na mkuki, ukawa wa risasi. Tamaa ya ng'ombe ilikuwa ni ile ile. Kilichozidi ni idadi ya wajane. Ugomvi wa fimbo huacha kovu, na ugomvi wa bunduki huacha kaburi. Asemaye silaha haiongezi kitu, na akawaulize mayatima.

Hata hivyo, koo zilipopigana Tarime kwa ajili ya mipaka ya ardhi na mifugo, mara nyingi hazikuhitaji bunduki. Panga na mishale ya sumu vilitosha. Nani atapiga marufuku panga katika nchi ya wakulima?

Na tutazame kwa jirani zetu Karamoja, Uganda. Mwaka 1979 ghala la silaha la Moroto lilipoachwa bila walinzi, wenyeji walijichukulia bunduki. Serikali ilianza kuzikusanya mwezi wa Desemba 2001. Lakini waliozisalimisha walivamiwa na jirani zao waliozificha, wakanyang'anywa mifugo, na wengi wakatafuta bunduki upya. Kazi ikaanza tena mwaka 2006, na mwaka 2021 majeshi yalikuwa yakiifanya kwa mara nyingine. Somo ni hili: anyang'anywaye silaha pasina kupewa amani huirudia silaha.

Ndugu zangu, asili ya fitina ni nini? Ya kwanza ni kisasi. Katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, Mtume alivifuta visasi vya damu vya zama za ujahili, na akaanza na damu ya jamaa yake mwenyewe, mtoto wa Rabia bin Harith. Hakuwaambia wengine wasamehe hali ukoo wake unadai.

Ya pili ni ufukara. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar, katika mwaka wa njaa kuu, hakumkata mkono mwizi aliyesukumwa na njaa. Hakuuhalalisha wizi, bali alijua kwamba mtawala hudaiwa chakula kabla ya kudai adhabu. Na sisi wazazi tumwogope Mwenyezi Mungu katika mahari. Kijana akidaiwa ng'ombe asioweza kuwapata kwa jasho lake, tumemwonyesha njia ya kwenda kuwaiba.

Ya tatu, nayo ndiyo tunayoinyamazia, ni soko. Mwizi hali injini, wala hawezi kuwachinja ng'ombe ishirini akawala peke yake. Huiba kwa kuwa yuko anayenunua. Na wanachuoni wamekubaliana kwamba kununua kitu ukijua kimeibiwa ni haramu.

Basi tulimjibu nini yule mvuvi? Tulimwambia: kujilinda ni haki yako, na aliyeuawa akiitetea mali yake ametajwa na Mtume kuwa ni shahidi. Lakini bunduki ya magendo hapana. Sheria ya nchi ya mwaka 2015 inataka kila silaha iwe na kibali, na kutimiza ahadi ni katika imani. Tena bunduki hiyo haitakaa mtumbwini tu. Italala nyumbani mwako, na mwanao ataijua ilipo. Nendeni ziwani kwa makundi, ziandikeni namba za injini zenu, toeni habari kwa vyombo vya dola, na mtu yeyote mwaloni asinunue injini isiyojulikana itokako.

Aliinama kitambo, kisha akasema: "Shekhe, injini ile niliinunua kwa bei ya kutupa. Sikuuliza ilikotoka."

Hatukumlaumu, maana ni wangapi kati yetu waliouliza?

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, lakini palipo na nyumba za nyasi, dawa ya moto ni maji. Mwenye silaha isiyo na kibali na aisalimishe. Serikali imepata kutoa msamaha kwa wenye kusalimisha kwa hiari, kama ilivyofanya mwaka 2022. Na asiye na silaha asijione amesalimika, mpaka aulize nyumbani mwake kilichonunuliwa kwa bei ya kutupa kilitoka wapi, na moyoni mwake ni kisasi cha nani alichokihifadhi.

Ewe Mola wetu, zihifadhi damu zetu na mali zetu. Warudishe salama walioko ziwani usiku. Wape vijana wetu riziki ya halali, wape viongozi wetu uadilifu, na utuondolee chuki nyoyoni kabla hujatuondolea chuma mikononi. Amin.