Bandari Ikigeuzwa Jiji, Uliza: Ardhi ya Nani, Kazi ya Nani?



Mada ya leo ni mipango ya kugeuza bandari za zamani kuwa vitongoji vipya vya ufukweni: ofisi juu, maduka chini, hoteli pembeni, nyumba za kuishi nyuma, na watu wakipunga upepo kando ya maji. Michoro ya namna hiyo mmekwisha iona. Maji ya bluu, miti ya kijani, vioo vinang'aa. Lakini mtazame watu waliochorwa humo. Hakuna kuli. Hakuna mvuvi, hakuna mama lishe, hakuna kijana wa mkokoteni. Aliyechora amekwisha kukuondoa kabla tingatinga halijafika.

Sikuja kuwaambia kwamba kujenga ni kubaya. Bandari huchakaa kama kitu chochote, na ghala bovu lenye popo halimlishi mtu. Nimekuja kuwaambia kwamba kuna maswali ambayo lazima yaulizwe kabla mkubwa hajatia sahihi, kwa sababu baada ya hapo utabaki kulalamika kijiweni tu. Wenzetu wamepitia haya. Tujifunze kwao.

Tuanze na London. Magati ya West India kule yalifunguliwa mwaka 1802, yakapokea sukari iliyolimwa na watumwa katika visiwa vya Karibi. Kwa zaidi ya karne moja na nusu, baba alikuwa kuli na mtoto akawa kuli. Kisha likaja kontena. Meli za kontena zinataka kina kirefu na uwanja mpana, na mzigo uliokuwa ukibebwa na mabega ya watu wengi ukawa unashushwa na winchi moja. Shughuli zikahamia Tilbury, karibu zaidi na bahari. Kati ya mwaka 1967 na 1981 magati ya London yakafungwa moja baada ya jingine, na maelfu ya wanaume wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwaka 1981 serikali ya Margaret Thatcher, kupitia kwa waziri wake Michael Heseltine, ikaunda shirika lililoitwa London Docklands Development Corporation. Hapa ndipo mchezo ulipochezwa. Shirika lile lilikabidhiwa eneo la kilometa za mraba kama 22. Liliweza kuchukua ardhi ya halmashauri na ya mamlaka ya bandari, na kibali cha kujenga kilitoka kwake. Bodi yake haikupigiwa kura na mwananchi hata mmoja. Iliteuliwa na waziri. Madiwani wa Tower Hamlets, Newham na Southwark, ambao ndio waliochaguliwa na watu, wakanyang'anywa kauli ya mwisho.

Mwaka 1982 ukaongezwa utamu kwa wawekezaji. Sehemu ya Isle of Dogs ikatangazwa kuwa eneo maalumu: miaka 10 bila kodi ya majengo ya halmashauri, na gharama za kujenga zikakatwa kwenye mapato ya mwenye jengo yanayotozwa kodi. Yaani mfuko wa umma ndio uliobeba mzigo, halafu tunaambiwa soko huria limefanya maajabu!

Na kweli majengo yaliota. Reli nyepesi ilifunguliwa mwaka 1987, na mwaka huohuo uwanja mdogo wa ndege ukafunguliwa katikati ya magati ya zamani. Mwaka 1991 ukasimama mnara wa Canary Wharf wenye ghorofa 50, uliojengwa na kampuni ya Olympia & York ya Canada. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ikaanguka kwa madeni, ghorofa nyingi zikiwa hazina mpangaji. Mradi ulikuja kusimama sawasawa baadaye, na mwaka 1999 njia ya treni ya chini ya ardhi, Jubilee, ikafika pale.

Sasa sikilizeni hesabu za shirika lenyewe lilipofunga kazi mwaka 1998: nyumba mpya zaidi ya 24,000, na watu wapatao 85,000 wakifanya kazi katika eneo hilo. Ni nambari kubwa. Lakini kazi gani, na za nani? Nyingi zilikuwa za benki, bima na magazeti, na sehemu kubwa zilihamia tu kutoka mitaa mingine ya London pamoja na wafanyakazi wake. Kuli wa miaka 45 hawezi kuamka asubuhi akawa dalali wa hisa. Mwanawe naye, ambaye hakufundishwa kazi hizo, aliishia kuwa mlinzi wa mlangoni. Mwaka 1986 Rupert Murdoch alihamishia magazeti yake Wapping, eneo hilohilo la magati, akiwa na mitambo mipya. Wachapaji karibu 6,000 walipogoma, wakafukuzwa kazi. Basi hata kazi ilipokuja Docklands, ilikuja na barua ya kufukuza watu.

Na nyumba? Kabla ya 1981 familia nyingi za pale zilipanga nyumba za halmashauri. Nyumba mpya nyingi zilijengwa ili ziuzwe, na bei ikapaa. Mtoto wa kuli akaona maghorofa kutoka dirishani kwake, lakini alipooa ilimbidi ahame. Hadi miaka ya karibuni Tower Hamlets, yenye mabenki yale yote, imetajwa tena na tena miongoni mwa wilaya za Uingereza zenye watoto wengi zaidi wanaokua katika umaskini.

Msidhani wenyeji walikaa kimya. Mwaka 1983 watu wa Newham waliandika mpango wao wenyewe wa magati ya Royal kupinga uwanja wa ndege. Mwaka 1984 walipanda mashua wakapandisha mto hadi Bungeni. Mwaka 1986 waliingiza kondoo na kufungulia nyuki kwenye sherehe ya wakubwa pale Canary Wharf, tai na suti zikatimua mbio. Mtacheka, lakini lipo la kujifunza. Walikuwa na hoja, walikuwa na mpango, walikuwa na umoja. Kilichokosekana ni kauli juu ya ardhi.

Sasa twendeni Hamburg, Ujerumani. Nako kulikuwa na bandari ya zamani katikati ya mji. Katika miaka ya 1990 mji wenyewe, kupitia kampuni yake, ulikusanya ardhi ile kimyakimya ili walanguzi wasiinuse. Meya Henning Voscherau alitangaza mpango mwaka 1997 wakati mali imekwisha kuwa mikononi mwa umma. Eneo hilo, HafenCity, lina hekta 157. Mjenzi akitaka kiwanja hawezi kukimbilia hati akakiweka rehani na kutokomea. Hupewa muda wa kuandaa mradi, mji ukiendelea kushika ardhi, na akishindwa mji unamnyima. Mwenye fedha nyingi si lazima ashinde. Hupimwa pia anataka kujenga nini. Fedha za kuuza viwanja zimejenga barabara na kingo za gati, na kando ya maji mtu yeyote hutembea bila kuulizwa na mgambo.

Hamburg nako si peponi. Nyumba za mwanzo zilikuwa za matajiri, na ni baada ya kelele za wananchi ndipo mji ulipoanza kudai theluthi ya nyumba mpya ziwe za bei nafuu. Na ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie, ulioelezwa kwamba ungemgharimu mlipa kodi euro milioni 77, ulipofunguliwa Januari 2017 ulikuwa umemla milioni 789. Lakini kamati ya bunge la mji ilichunguza na kutoa ripoti hadharani. Ndiyo tofauti ya kuwa na mwenye nyumba anayeweza kuulizwa.

Kama mnaona Ulaya ni mbali, tazameni Cape Town. Victoria & Alfred Waterfront ilianzishwa mwaka 1988 kwenye ardhi ya shirika la umma la uchukuzi. Mwaka 2006 iliuzwa kwa wawekezaji wa London na Dubai kwa randi zipatazo bilioni 7. Mwaka 2011 ikanunuliwa tena kwa randi bilioni 9.7, na nusu ya ununuzi ni fedha za pensheni za watumishi wa serikali ya Afrika Kusini. Umma uliuza, kisha umma ukarudi kununua nusu ya kilekile kwa bei ya juu.

Na sisi? Wewe unayevuka na pantoni unajua. Mwaka 2008 ulitangazwa Mji Mpya wa Kigamboni. Watu wakazuiwa kuendeleza viwanja vyao wasubiri. Wakasubiri mwaka, miaka, nyufa zikiongezeka ukutani, na wengi wao hawakuona mji wala fidia. Mpango kwenye karatasi pekee unaweza kumfunga mtu mikono kama pingu.

Kwa hiyo siku mtakapooneshwa mchoro wa ufukwe wenu, msipige makofi haraka. Ulizeni: hati itabaki kwa nani, na mwekezaji akishindwa inarudi lini? Kazi ngapi ni za watu wa hapa, na chuo cha kuwafundisha kinaanza kabla au baada ya ujenzi? Nyumba ngapi kijana wa mshahara wa kawaida ataweza kupanga? Msamaha wa kodi ni wa miaka mingapi? Kando ya maji patakuwa pa wote, au patawekwa geti? Kisha dai majibu yaandikwe ndani ya mkataba, na mkataba usomwe mbele ya wananchi.

Nendeni kwenye mikutano ya mtaa. Mjue diwani wenu kwa jina, naye awajue kwa maswali. Wenzenu wa London walikwenda Bungeni kwa mashua wakati ardhi imekwisha kwenda. Ninyi nendeni mapema.