Keti Kwanza

Somo: Ezekieli 3:12–15



Nabii Ezekieli alikuwa ametumwa na Mungu. Ujumbe alikuwa nao tayari, maana alikwisha kulishwa lile gombo, nalo likawa tamu kama asali kinywani mwake. Tena alitumwa kwa watu wa taifa lake, wenye lugha yake. Lakini alipowafikia wale waliohamishwa, karibu na mto Kebari, hakuanza kuhubiri. Aliketi katikati yao siku saba. Baada ya siku hizo ndipo neno la Bwana likamjia tena.

Mimi nilipotumwa sikuketi.

Nilikuwa katibu wa kamati ya maji ya kanisa letu huko Ukambani. Tuliwaona akina mama wakichimba mchanga katika mto mkavu ili wapate maji, tukawahurumia. Tukachanga fedha, tukaleta fundi, tukajenga tangi kubwa la kukinga maji ya mvua kutoka paa la kanisa. Mvua za Novemba zikalijaza. Siku ya kulifungua tulipiga makofi, nami nilihutubu.

Miezi miwili ikapita. Akina mama bado walikwenda mtoni. Nilikasirika, hata nikasema mbele ya kamati, "Watu hawa hawataki maendeleo."

Siku moja nilimkuta mama mmoja njiani, debe la maji mgongoni. Nikamwuliza kwa nini analipita tangi lililojaa. Akatua mzigo wake, akasema, "Bwana katibu, ufunguo wa bomba uko kwa mweka hazina, naye hufungua saa nne. Mimi nateka maji alfajiri. Nikingoja saa nne, ni nani atakayelima? Nitamtuma binti yangu, na shule itampita. Hamkutuuliza."

Ndugu msikilizaji, nilikuwa nimezunguka kijiji kile na karatasi na kalamu. Nilihesabu watu, nilipima paa. Lakini sikumwuliza mama hata mmoja huamka saa ngapi.

Kosa hili hufanywa na wakubwa pia. Huko Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, kiwanda cha kugandisha samaki kilimalizika mwaka 1981 kwa msaada wa Norwei. Nia ilikuwa njema, na fedha zilizotumika ni mamilioni. Lakini Waturkana wengi ni wafugaji, na moyo wao uko kwa ng'ombe, ngamia na mbuzi. Tena kugandisha samaki katika joto lile kulitaka umeme mwingi na maji safi mengi, hata gharama ikashinda bei ya samaki. Kiwanda kilifanya kazi siku chache tu, kikafungwa.

Lakini wako walioketi. Mama Marja-Liisa Swantz wa Ufini alikuja Tanganyika mwaka 1952 kufundisha. Katika miaka ya 1960 alikwenda kukaa na Wazaramo katika kijiji cha Bunju, kaskazini ya Dar es Salaam, akajifunza kwao. Halafu mwaka 1975 yeye na wenzake, Watanzania na Wafini, walianza kazi ya utafiti huko Bagamoyo iliyoitwa Jipemoyo. Humo wanakijiji hawakuwa watu wa kuandikwa tu katika daftari la mgeni. Walichunguza mambo yao wenyewe pamoja na watafiti. Mwenye shida anaijua shida yake, naye apewe nafasi ya kuieleza.

Je, Bwana wetu hakufanya hivyo? Bartimayo alikuwa kipofu, na kila mtu aliona. Hata hivyo Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini (Marko 10:51). Aliyejua yote aliuliza. Sisi tusiojua twapita bila kuuliza!

Basi wewe bwana shamba, muuguzi, mtafiti, au mhubiri uliyetumwa kwa watu wa kabila lingine, elimu yako ni zawadi ya Mungu. Usiitupe. Lakini keti kwanza. Keti na akina mama pia, si na wazee wa baraza peke yao. Nawe uliye wa kabila lile lile usidhani wajua, maana Ezekieli alikuwa wa kwao, naye aliketi.

Siku hizi ufunguo wa bomba letu uko kwa akina mama watatu, na maji huanza kutekwa kabla ya mapambazuko. Lakini yale maneno niliyoyasema mbele ya kamati ilinibidi kuyafuta mbele ya kamati ile ile, na yule mama akiwapo. Hilo lilikuwa gumu kuliko kuchanga fedha.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe pale tulipowahukumu watu ambao hatukuwasikiliza. Utupe subira ya kuketi, na masikio ya kusikia. Katika jina la Yesu. Amina.