Ngalawa Inahitaji Mwembe

Ngalawa ya Unguja na Pemba huchongwa kutoka gogo moja, mara nyingi la mwembe. Mbao mbili za ubavuni, moja kila upande, huizuia isipinduke tanga linapojaa upepo. Wanahistoria huuhusisha ufundi huo na mabaharia wa Austronesia, jamaa za wale waliofika Madagaska. Leo boti za faiba zenye mashine zinaongezeka, na miembe minene inaadimika. Makumbusho yanaweza kukihifadhi chombo, lakini hayamfundishi kijana kushika tezo. Na gogo la ngalawa halikui kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo fedha za uhifadhi zianzie shambani, kwenye miche ya miembe, kisha zimfikie fundi mwenye mwanafunzi pembeni yake.