Wanyama, baasto na cheti cha kuzaliwa

Hotuba kwa wachezaji chipukizi, wazazi na makocha, Garissa

 

Kila jioni baada ya Alasiri, jua linapopunguza ukali, viwanja vya mchanga vya Garissa hujaa watoto. Anayecheza katikati akipokonya mpira, wenzake humwita jina moja: Wanyama.

Jina hilo lilipata uzito tarehe 7 Novemba 2012. Usiku huo Celtic ya Scotland iliikaribisha Barcelona, na kiungo Victor Wanyama, akiwa na miaka 21, alifunga kwa kichwa kutokana na kona. Celtic ilishinda 2-1. Kabla yake, hakuna Mkenya aliyewahi kufunga katika Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mwaka uliofuata alihamia Southampton, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Alipendwa hata nje ya uwanja. Aliwahi kuandika mtandaoni kwamba amekula tambi na akazifurahia, na watu wanacheka mpaka leo. Garissa haikuona cha kuchekesha. Hapa baasto ni chakula cha nyumbani, na ndizi kando.

Hata hivyo, umaarufu haushikiki. Mwaka 2017 barabara moja ya Ubungo, Dar es Salaam, ilipewa jina la Wanyama. Haukupita muda, kibao kikaondolewa. Bao dhidi ya Barcelona halijaondolewa na mtu.

Basi vijana waige kazi yake. Wanyama aliichezea Harambee Stars mwaka 2007 akiwa na miaka 15. Kabla ya Scotland alipitia Sweden na Ubelgiji. Safari hizo zilihitaji miguu, na zilihitaji karatasi pia. Hakuna anayevuka mpaka kucheza bila pasipoti, na pasipoti huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa.

Hapo ndipo vijana wengi wa Kaskazini Mashariki wamekwama. Kwa miaka mingi, waliotafuta kitambulisho katika eneo hili walipitishwa kwenye ukaguzi wa ziada ambao Wakenya wengi hawakuujua. Februari 2025, Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kuuondoa. Lakini tangazo haliingii nyumbani kumtafuta mtu.

Wazazi, mtoto aliyezaliwa nyumbani, awe Fafi, Balambala au Ijara, naye ni wa kuandikishwa. Mwoneni naibu wa chifu mapema, msingoje siku ya safari. Makocha, kabla ya kugawa jezi, ulizeni nani hana cheti. Walimu, wakumbusheni.

Huenda kiungo atakayefuata yuko hapa leo, peku, akisubiri kipenga. Asije akabaki benchi kwa kukosa karatasi moja.