Amani ya Krismasi na Gharama Yake

(Maneno ya hotuba kwa ajili ya sikukuu ya Krismasi)



Kila mwaka Krismasi ikaribiapo, vijiji vya Wakristo hubadilika sura. Nyumba hupakwa chokaa, nyua hufagiliwa, kanisa hupambwa kwa makuti na majani mabichi, na watoto hujifunza nyimbo mpaka usiku. Wale wafanyao kazi mijini hurudi kwao, nao huwachukulia mama zao kanga, sukari na mchele. Mpita njia aonapo hayo yote husema, "Hapa pana amani na upendo." Huenda ikawa kweli. Lakini huenda pia ndugu wawili wamekaa benchi moja kanisani, wala hawajasemezana tangu mavuno ya mwaka uliopita kwa sababu ya mpaka wa shamba. Wimbo, hata ukiimbwa vizuri namna gani, hauwezi kumaliza neno kama hilo.

Basi, ni kitu gani kiwezacho kulimaliza? Yafaa kuikumbuka habari ya kijiji kimoja cha pwani ya Kenya, ambacho watu wake walikula Krismasi ya mwaka 1888 wakiwa na hofu, nao wakauona mwaka mpya kwa furaha. Kijiji hicho ni Rabai.

Rabai iko juu ya vilima, nyuma ya Mombasa, katikati ya minazi. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, alifika Mombasa. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amewazika mkewe na mtoto wao mchanga. Hata hivyo hakurudi kwao. Mwaka 1846 alijiunga na mwenzake Johannes Rebmann, nao wakaanza kazi Rabai kwa ruhusa ya wazee wa Warabai. Rebmann alikaa huko mpaka mwaka 1875, na alipoondoka alikuwa amekwisha kupofuka macho. Katika miaka hiyo yote Wakristo walikuwa wachache mno.

Baadaye kazi ilikua kwa njia ambayo watu hawakuitazamia. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Kisha mishenari William Salter Price akaanzisha kijiji cha Freretown, barani, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ili watumwa waliotolewa katika majahazi wapate makao. Kengele ya kijiji hicho ndiyo iliyopatia mahali pale jina la Kengeleni, linalotumika hata leo.

Watu hao wa majahazini walikuwa huru kwa sheria. Lakini walikuwako wengine waliojipatia uhuru kwa miguu yao wenyewe. Hao ndio walioitwa watoro. Waliyakimbia mashamba ya mabwana zao, wakapita porini usiku, wakafika Rabai na vijiji vingine vya misioni. Huko walijenga vibanda, wakalima, wakaoana, wakazaa, na wengi wao wakabatizwa. Mchungaji aliyewatunza Rabai alikuwa Mwafrika, Padre William Jones, aliyepewa daraja ya ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Yeye mwenyewe alipokuwa mtoto alitekwa akafanywa mtumwa, kisha akakombolewa na kulelewa Bara Hindi. Mtu kama huyo, amwonapo mtoro mlangoni pake, angewezaje kumwambia rudi ulikotoka?

Lakini jambo hilo lilikuwa na upande wa pili. Kwa sheria ya nchi ya siku zile mtumwa alikuwa mali ya bwana wake. Wenye watumwa walijiona wameibiwa, nao walizidi kukasirika. Mwaka 1888 ghadhabu yao ilifika ukomo. Tena mwaka huo huo, upande wa kusini, watu wa pwani ya Pangani walikuwa wameinuka kupigana na kampuni ya Wadachi, na habari za vita zilisikika kila mahali. Watu wakaogopa kwamba Rabai nayo itashambuliwa.

Krismasi ya mwaka huo ilikuwa siku ya Jumanne. Kila mwenye moyo aweza kufahamu mwenyewe jinsi mama mtoro alivyosikia habari ya mtoto aliyezaliwa zizini kwa kukosa nafasi nyumbani mwa wageni, hali yeye amempakata mtoto wake, wala hajui kama mwezi ujao mtoto huyo atakuwa wake au atakuwa mali ya mtu.

Amani ilikuja kwa njia gani? Haikuja kwa bunduki, wala haikuja kwa kunyamaza. Bwana George Mackenzie, mjumbe wa Kampuni ya Waingereza iliyokuwa imepewa hati ya kifalme mwezi wa Septemba 1888, alizungumza na wenye watumwa, naye Price alikuwa pamoja naye katika shauri hilo. Watoro walihesabiwa, majina yao yakaandikwa. Mabwana wakakubali kupokea riale 25 kwa kila mtu. Fedha zilitoka kwa Kampuni, kwa serikali ya Uingereza na kwa watu waliouchukia utumwa. Tarehe 1 Januari 1889, siku saba tu baada ya Krismasi, watu walikusanyika Rabai, na hati za uhuru zikatolewa. Waliokombolewa, pamoja na wale wa vijiji vingine, walizidi 1,400.

Haifai kuisimulia habari hii kana kwamba haikuwa na kasoro. Kampuni ilitafuta utulivu kwa faida ya biashara yake pia. Tena mabwana walilipwa, lakini mtumwa aliyelima miaka mingi bila ujira hakulipwa kitu. Na wale ambao hawakutoroka walibaki katika utumwa. Sheria haikuufuta utumwa katika nchi hiyo mpaka mwaka 1907. Ndivyo zilivyo amani nyingi za wanadamu: huja nusu, na nusu nyingine huachiwa watakaofuata. Hata hivyo, kwa yule mama mwenye mtoto, karatasi ile ilikuwa kubwa kuliko sikukuu zote alizowahi kuziona.

Katika habari hii mna mafunzo mawili kwa kila mtaa wa kanisa. La kwanza ni kwamba amani huanza kwa kusema kweli. Watoro wa Rabai hawakuweza kuwa salama maadamu kuwapo kwao kulikuwa kwa kufichwa. Ilipasa watajwe mmoja mmoja. Vivyo hivyo ugomvi wa nyumbani hauponi kwa kufunikwa. Lazima utajwe: ni shamba lipi, ni deni gani, ni neno gani lililosemwa.

La pili ni kwamba amani ina gharama, na lazima awepo mtu wa kuilipa. Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Aliyekopa fedha za ada ya shule na alipe, au aende aombe muda, asimkwepe mwenziwe njiani. Aliyesogeza mpaka na aurudishe mbele ya wazee. Baba aliyemfukuza binti yake kwa hasira na atume mtu amwite nyumbani kabla ya mkesha. Na yule aliyekosewa ana gharama yake pia, nayo pengine ni nzito zaidi: asamehe kabisa, wala asiihesabu tena hasara ile kila wanapokosana. Injili yenyewe imefundisha kwamba mtu akumbukapo kuwa ndugu yake ana neno juu yake, na aiache sadaka yake madhabahuni, aende kwanza akapatane naye.

Wazee wa kanisa, nao mama wa kanisa, wana kazi kubwa katika siku hizi kuliko kupanga viti na kugawa chai. Wanajua ni nani asiyesemezana na nani. Wanajua pia mjane asiye na mtu wa kumletea sukari, na mgeni asiye na jamaa kijijini. Waende kwao kabla kengele haijalia.

Kanisa la Rabai lingali likisimama, na Krismasi huimbwa humo kila mwaka na watu walio huru. Amani hiyo ililipiwa. Basi kila mtu aingiapo kanisani kwake usiku wa mkesha na aulize moyoni: je, yangu imekwisha kulipiwa, au ningali nadaiwa?

Krismasi njema kwa wote.