Mumiani na Vitabu vya Kutisha
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ilala)



Mniwie radhi nikianza na mambo ya kitoto. Sisi tuliokulia Kariakoo tuliambiwa kwamba jua likichwa wako watu wazungukao na gari, hukamata wapita njia na kuwatoa damu ifanywe dawa. Nao ndio mumiani. Gari la zimamoto likipita tulijitupa uvunguni. Hata leo king'ora chake kikilia usiku moyo wangu hushtuka, na mvi hizi!

Mwaka 1897 Bram Stoker, mzaliwa wa Dublin, alitoa kitabu chake Dracula, habari za maiti anywaye damu ya walio hai. Damu ni ile ile. Lakini msomaji wa Stoker hufunga kitabu akalala. Sisi tulisimuliwa mumiani kuwa ni habari ya kweli, na mgeni asiye na hatia akipita mtaani jioni hushukiwa, pengine akapigwa.

Kwa hiyo namsifu Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, maiti ya Bwana Ali yaonekana penye mzimu. Hapo msomaji husisimka mwili. Bwana Msa, kiko mdomoni, haulizi pepo. Auliza watu, maana muuaji yumo miongoni mwa walio hai.

Ningependa tukisome kwa sauti kwenye baraza ile ile niliyosimuliwa mumiani. Mzee aliyetusimulia amekwisha kufariki, lakini wajukuu wake wapo, na king'ora wanakisikia.